Kengele ya mwisho ikigongwa, shule isifungwe: barua ya wazi kwa TAMISEMI na wakurugenzi wa halmashauri

Kwa: Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), Makatibu Tawala wa Mikoa na Wakurugenzi wa Halmashauri zote

YAH: SHULE ZA MSINGI KUHUDUMIA FAMILIA NA JAMII BAADA YA SAA ZA MASOMO

Waheshimiwa,

Shule ya msingi ndilo jengo la umma lililo karibu zaidi na Watanzania walio wengi. Viko vijiji ambako zahanati iko mbali na ofisi ya mtendaji ni chumba cha kupanga, lakini shule ipo, ina madarasa, vyoo, kiwanja, miti ya kivuli na, siku hizi, mara nyingi umeme. Mwaka wa masomo una siku 194. Siku 171 zinazobaki majengo hayo hayana kazi rasmi, na hata katika zile 194 kufuli linapigwa alasiri.

Sisi tunaoandika ni walimu wakuu wastaafu na wajumbe wa kamati za shule. Tunachosema ni kimoja: shule haishindwi kuhudumia jamii kwa kukosa majengo wala kwa kukosa moyo. Inakwama kwenye ufunguo, choo na risiti, na yote matatu yako mezani kwenu.

Jambo lenyewe si geni. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 iliitaka shule iwe sehemu ya kijiji. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, shule za msingi ndizo zilizogeuka vituo vya kisomo, na mwalimu mkuu akapewa jukumu hilo waziwazi. Kwamsisi, mkoani Tanga, ilijaribiwa kama shule ya jamii mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970, chini ya Chuo cha Ualimu Korogwe. Waliofanya hayo hawakuwa na vishikwambi. Walikuwa na maelekezo yanayosema kazi ni ya nani.

Na hata leo shule zinatumika. Tunapigia kura humo. Mikutano ya kijiji hufanyika uwanjani, makanisa hukodi madarasa Jumapili, na vikundi vya vikoba, yaani vya kuweka na kukopa kwa hisa, hukutana chini ya mwembe. Maporomoko ya tope yalipoikumba Katesh, wilayani Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, walionusurika walihifadhiwa shuleni. Tatizo ni kwamba haya yote huendeshwa kwa maelewano ya mdomo, na jambo likiharibika anaulizwa mtu mmoja tu.

Mtu huyo ni mwalimu mkuu. Dhamana ya kila dawati ni yake. Likipungua moja kati ya ukaguzi na ukaguzi, anayeandika barua ya maelezo ni yeye. Akiombwa ufunguo saa kumi jioni anakataa, na hatumlaumu. Akikubali, ufunguo unaishia kwa mlinzi ambaye ujira wake wenyewe unategemea wazazi, na kuanzia hapo hakuna ajuaye nani aliingia na nani alitoka.

Kinachofanya kazi ni msimamizi wa jioni. Awe mtu mzima wa eneo hilo, apendekezwe na kamati ya shule na kuthibitishwa na serikali ya kijiji au mtaa. Asiwe mwalimu, kwa sababu mwalimu ameshachoka na bado ana madaftari ya kusahihisha. Asiwe mjumbe wa kamati, kwa sababu kamati ndiyo itakayomkagua. Akabidhiwe funguo za madarasa mawili tu, la sita na la saba, yakiwa yamepakana. Madawati ya darasa la kwanza na la pili ni mafupi; mtu mzima akikaa, magoti yanagonga ubao wa juu, naye anajisogeza kwa kusukuma nyuma, na muhula haujaisha maungio yameachia. Daftari la makabidhiano liwe na tarehe, jina la kikundi, kiongozi na simu yake, idadi ya madawati wakati wa kuingia, idadi wakati wa kutoka, na sahihi. Asubuhi mwalimu wa zamu ahesabu kabla wanafunzi hawajaingia, naye atie sahihi. Hesabu ikifanyika saa nne, baada ya watoto kuhamisha madawati, daftari halimlindi mtu yeyote.

Kuna kitu kinachovunja uhusiano haraka kuliko wizi, nacho ni ubao. Mwalimu ameandika zoezi la hisabati jioni ili darasa lianze nalo asubuhi. Kikundi kinafuta na kuandika mahesabu ya hisa. Asubuhi mwalimu anakuta majina ya wadaiwa. Mara mbili tu kama hiyo, na walimu wote wanaupinga mpango. Dawa yake ni mstari wa rangi ya mafuta katikati ya ubao: upande wa kushoto hauguswi, wa kulia ni wa wageni, na chaki waje nazo. Zana za ukutani zitundikwe kwa kamba ili zishushwe na kufungiwa kabatini.

Choo ndicho kinachoua mipango mingi, ingawa hakitajwi kwenye taarifa. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule nyingi haziko karibu na kiwango hicho hata kabla mtu wa nje hajaingia. Ongeza watu wazima sitini kila jioni kwenye matundu hayohayo, asubuhi yananuka, hayana maji, na sote tunajua nani atatumwa kuyasafisha kabla ya mstarini: wasichana. Kwa hiyo msifungulie jamii shule yoyote kabla haijapata matundu mawili ya wageni, moja la wanawake na moja la wanaume, milango ikiangalia nje ya ua wa wanafunzi, yenye kufuli lake na ndoo ya maji yenye koki. Usafi ufanyike usiku uleule, msimamizi akiwepo, kabla hajafunga. Kama shule ina kisima, sehemu ya jamii ya kuchotea maji ijengwe kwenye uzio, bomba likielekea barabarani na likiwa na mita yake. Bomba likiwa katikati ya uwanja, foleni ya ndoo inaanza alfajiri na saa nne bado ipo, nje ya dirisha la darasa la tatu.

Umeme unaogopwa bure. Taa nane za LED za wati 9, nne kila darasa, zikiwaka kwa muda wa saa tatu kila siku, kwa siku 26, hazifikishi yuniti sita kwa mwezi. Gharama yake haifiki shilingi 3,000. Kinachomaliza LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ya shule ni pasi, jiko la umeme la nyumba ya jirani aliyeunganisha waya kimyakimya, na spika za sherehe. Wekeni mita ndogo ya ndani kwa madarasa ya jioni, na soketi zake ziwe mbili tu. Pasipo gridi, taa hizohizo zinahitaji takribani wati-saa 216 kwa usiku. Paneli ya wati 120 hadi 150, kidhibiti chaji cha ampea 20 na betri moja ya volti 12, ampea-saa 100, vinatosha, mradi betri hiyo ya asidi isitumiwe zaidi ya nusu. Hapo ndipo panapoharibika. Mtu anaanza kuchaji simu za kijiji, kisha inakuja mashine ya kunyolea, kisha televisheni ya mechi, na betri iliyopaswa kudumu miaka minne inakufa ndani ya mwaka. Fundi aombwe aache nyaya za taa peke yake, soketi zisiwepo kabisa. Waya wa kutoka kwenye paneli usiwe mwembamba wa milimita 1.5 ukienda mita 20, kwa kuwa volti zinapotelea njiani na betri haijai hata jua likiwa kali.

Sasa, nani aingie jioni? Kundi la kwanza liwe vijana walioacha shule. Novemba 2021 Serikali iliwaruhusu wanafunzi waliokatiza masomo warudi, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito. Wengi wao hawawezi kurudi asubuhi kwa sababu wana mtoto mgongoni na genge la kuangalia. MEMKWA, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, na madarasa ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima yanaweza kuwafikia jioni, lakini darasa la jioni lisilo na mahali pa kuweka mtoto litawapoteza ndani ya wiki tatu. Mtoto akilia, mama anatoka nje, akirudi somo limeshapita, na kesho haji. Chumba cha pili katika yale mawili kitandikwe mikeka, kiwe na maji ya kunywa na ndoo ya nepi yenye mfuniko, na mlezi mmoja kwa watoto wasiozidi watano. Walezi wawe wawili hata kama watoto ni watatu. Mtu mzima asibaki peke yake na watoto wadogo ndani ya chumba kilichofungwa. Masomo yaanze saa 10:00 jioni na kuisha saa 12:00, kabla giza halijaingia. Anayepanga ratiba ya saa moja usiku kwa sababu ndipo walimu wanapopatikana hajawahi kumwuliza msichana anapita njia gani kurudi nyumbani.

Kati ya wanafunzi kuondoka na wageni kuingia ipite nusu saa nzima, msimamizi akizunguka madarasa na vyoo kuhakikisha hakuna mtoto aliyebaki. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto iandikwe ukutani kwa rangi, kwa kimo cha macho ya mtoto wa darasa la pili. Karatasi iliyobandikwa haimalizi masika.

Zahanati nayo inahitaji shule. Huduma ya mkoba, yaani wahudumu wa afya kuja na chanjo, mizani na dawa za minyoo, mara nyingi hufanyika chini ya mti kwa siku isiyojulikana mapema. Ikiwekwa Jumamosi moja ya kila mwezi, siku ileile, akina mama wanaizoea. Mahitaji ni madogo lakini yana masharti. Kibebeo cha chanjo kikae kivulini ndani ya chumba, si verandani, kwa sababu chanjo zinataka nyuzijoto 2 hadi 8. Mizani ya kuning'iniza ya watoto ifungwe kwenye boriti ya veranda iliyokaguliwa, kamwe si kwenye fremu ya dari. Meza ya kuandikia iwe mlangoni na ya kuchoma sindano ndani, ili anayesubiri asimwone anayelia. Sindano zilizotumika ziondoke na wahudumu siku hiyohiyo ndani ya boksi lao. Shimo la taka la shule halihusiki, kwa maana Jumatatu watoto wanacheza hapo. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchini kote mwaka 2018, ilitumia sana shule. Wasichana ambao hawako shuleni ndio walio rahisi kukosa, na hao ndio Jumamosi hiyo ingewapata.

Tuje kwenye chakula, ambako mnajua kelele ni nyingi. Mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe shuleni unawategemea wazazi na jamii. Sawa, lakini hesabu ifanyike hadharani. Kikombe cha uji cha mililita 300 kinataka gramu 40 hivi za unga. Wanafunzi 500 ni kilo 20 kwa siku, zinazopikwa na lita 150 za maji, yaani sufuria mbili za lita 100 zisizojazwa hadi juu. Kwa siku 194 ni kilo 3,880, karibu magunia 39. Kwa mtoto mmoja ni kilo 7.8, haifiki nusu debe la mahindi kwa mwaka mzima. Mzazi akiambiwa hivyo mwezi wa saba, ghala likiwa limejaa, anatoa. Akiambiwa Februari atoe shilingi kadhaa, hana, na si ubishi. Hesabu hiyo ni ya dona; ukitaka sembe, ongeza mahindi kwa sababu pumba zinabaki mashineni.

Fedha taslimu zinahitajika kwa mpishi, chumvi na mafuta. Shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi, kwa watoto 500, ni 250,000: wapishi wawili wa 100,000 kila mmoja na 50,000 ya vitu vidogo. Mipango mingi ya uji hufa pale mahindi yapo stoo lakini mpishi ameondoka kwa kutolipwa miezi miwili.

Stoo ndiyo hatari kuliko zote. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa mahindi. Mahindi ya michango yanatoka nyumba tofauti, mengine yamekauka, mengine bado, yakimwagwa pamoja yale mabichi yanaharibu yote. Kila mchango upimwe mlangoni: chupa kavu ya kioo, mahindi hadi theluthi yake, vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, subiri robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yarudi nyumbani yakaanikwe tena juu ya turubai. Yaliyopita yawekwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ikipangwa juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita. Mfuko ukishatobolewa na panya hauna tofauti na kiroba.

Na mtoto ambaye kwao hawakutoa anywe uji. Andikeni hilo kwa wino mzito. Kumkalisha pembeni awaangalie wenzake ni adhabu kwa asiye na kosa, na ndiko utoro wa darasa la kwanza unakoanzia. Madeni yazungumzwe na wazazi kwenye mkutano wa kijiji.

Tahadhari moja inatuhusu sisi wenyewe walimu. Shule ikifunguliwa jioni bila masharti, ndani ya muhula mmoja itageuka kituo cha tuisheni ya kulipia, na mada ngumu zitaanza kufundishwa saa kumi badala ya saa mbili asubuhi. Waraka useme kwamba mwalimu hatawatoza wanafunzi wa shule yake mwenyewe ndani ya majengo ya shule. Kujisomea bure chini ya taa, wakubwa wakiwasaidia wadogo, ruksa.

Basi fedha. Shule hupelekewa shilingi 6,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, kati ya zile 10,000 za uendeshaji. Shule ya wanafunzi 600 inapata 3,600,000, ambayo ni 300,000 kwa mwezi kwa chaki, mitihani, ukarabati na kila kitu. Huduma za jioni kwa makadirio yetu zinagharimu 158,000 kwa mwezi: posho ya msimamizi 100,000, sabuni na dawa za choo 25,000, umeme 3,000, na akiba ya 30,000 ya kufuli, balbu na kukaza madawati. Miezi kumi ni 1,580,000. Kuitoa kwenye fedha za uendeshaji ni kuchukua zaidi ya mbili ya tano ya haki ya wanafunzi, na tunalipinga hilo hata kama mtasema bajeti ni finyu. Itoke mapato ya ndani ya halmashauri.

Sehemu inaweza kurudi. Kanisa linalokodi madarasa mawili kwa 20,000 kila Jumapili linaleta 80,000 kwa mwezi, nusu ya gharama. Shida ni kwamba tangu agizo la Januari 2018 la kupiga marufuku michango shuleni, walimu wakuu wengi wanaogopa kushika fedha yoyote iliyotoka kwa mwananchi, hata ya pango halali. Wengine wanakataa wapangaji. Wengine wanapokea bila risiti, na hapo uaminifu wa kijiji kizima unakwenda na maji. Elekezeni kwamba malipo ya matumizi ya majengo yaingie kwa namba ya malipo ya Serikali kwenye akaunti ya shule, yaonekane katika FFARS, mfumo wa hesabu za fedha za vituo vya huduma, kama kifungu chake, yabaki shuleni, na mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo kila robo mwaka.

Maombi yetu kwenu yana tarehe. Waraka utoke kabla halmashauri hazijafunga makisio ya mwaka wa fedha ujao, ukieleza msimamizi ni nani, hasara ya jioni inabebwa na nani, na mwalimu mkuu anaacha kuwajibika saa ngapi. Kila halmashauri ichague shule kumi, si zaidi, na zichaguliwe zile zenye vyoo vya kutosha kwanza, badala ya zile zilizo kando ya barabara kuu ambako wageni hufika kwa urahisi. Kwa shule kumi ni shilingi 15,800,000 kwa mwaka, mbali na ujenzi wa yale matundu mawili, ambao ufanyike kabla. Afisa elimu kata akague daftari la makabidhiano mara moja kwa mwezi, bila taarifa. Shule itakayokutwa na daftari tupu wiki mbili mfululizo ifungwe jioni hadi kamati ikutane, na fungu lake la miezi iliyobaki lihamie shule ya kumi na moja kwenye orodha.

Rasimu ya daftari na ya mkataba wa ukurasa mmoja wa kutumia darasa tumeziandaa. Tutaziwasilisha kwa maafisa elimu watakaozihitaji, bila gharama.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Walimu wakuu wastaafu na wajumbe wa kamati za shule za msingi

Nakala: Maafisa Elimu Msingi wa Wilaya, Waganga Wakuu wa Wilaya, Maafisa Ustawi wa Jamii, Wenyeviti wa vijiji na mitaa